Kiti cha Pili

Makumbusho ya Indianapolis Motor Speedway yamo ndani ya uwanja wenyewe. Gari la mgeni linaiacha Barabara ya 16, linazama kwenye handaki linalopita chini ya njia ya mbio, kisha linaibukia katikati ya eneo kubwa la majani lililozungukwa na lami ya maili 2.5, yaani kilomita 4 na ushee. Jengo hilo lilifunguliwa mwaka 1976 kuchukua nafasi ya lile dogo la 1956 lililokuwa pembeni ya uwanja. Novemba 2023 lilifungwa kwa ukarabati mkubwa, likafunguliwa tena Aprili 2025. Wageni wengi huenda moja kwa moja kwenye majina makubwa: A. J. Foyt, Al Unser, Rick Mears na Hélio Castroneves, wanne pekee walioshinda mbio za maili 500 za uwanja huu, yaani Indianapolis 500, mara nne kila mmoja. Sina ugomvi nao. Ila magari yanayonisimamisha mimi ni yale ya zamani, ya kabla ya 1938, na katika hayo kinachonishika ni kiti cha pili.

Kiti chenyewe ni chembamba kuliko inavyofaa, hakina mkanda, na ukingo wake unafika kiunoni tu. Aliyekikalia alikuwa fundi. Alipampu mafuta kwa mkono ili presha isishuke, akatazama geji, akachungulia matairi kama yameanza kuchanika, na kila mara akageuka nyuma kuona nani anakaribia, kisha akampa dereva habari kwa ishara, maana kelele ya injini haikuruhusu mazungumzo. Gari likizima mbali, yeye ndiye aliyeshuka na kukimbia kwa miguu kutafuta kilichohitajika. Ukimfikiria utingo wa lori aliyepakiwa kwenye chombo kinachokwenda maili 100 kwa saa, hujakosea sana. Tofauti ni kwamba utingo anaweza kugonga bodi, gari likasimama.

Uwanja huu ulianzishwa na mtu aliyekuwa haoni vizuri. Carl Fisher aliacha shule akiwa na miaka 12 kwa sababu ya macho yake, akafanya biashara ya baiskeli, akahamia kwenye magari, kisha akatajirika kwa taa. Yeye na mwenzake James Allison waliuza mitungi ya gesi ya asetilini iliyowasha taa za magari kabla taa za umeme hazijaenea. Kampuni yao iliitwa Prest-O-Lite. Fisher alijua kujitangaza kuliko kawaida. Mwaka 1908 alipita juu ya jiji la Indianapolis akiwa ameketi ndani ya gari lililoning'inizwa chini ya puto, na watu wakatoka nje kumshangaa.

Siku hizo Indianapolis ilikuwa ikishindana na Detroit kwa kutengeneza magari. Marmon na National walikuwa pale, Cole pia, na baadaye wakaja Stutz na Duesenberg. Kilichokosekana ni mahali pa kuyajaribu. Barabara zilikuwa za udongo, na gari lililotoka kiwandani likiwa na kasoro halikuionyesha kasoro hiyo mpaka limfikie mteja. Fisher alikwenda Ulaya, akaona jinsi magari ya huko yalivyoyazidi ya Marekani, akarudi na wazo lake. Akaungana na Allison, na Arthur Newby wa kampuni ya National, na Frank Wheeler aliyekuwa mtengenezaji wa kabureta, wakanunua ekari 328 za mashamba kaskazini-magharibi mwa jiji. Wakachora njia yenye pande nne: mbili ndefu, mbili fupi, na kona nne zilizoinuliwa kwa nyuzi 9 na dakika 12. Umbo hilo halijabadilika hadi leo.

Kilichobadilika ni uso wa njia, na ulibadilika kwa gharama ya damu. Mwaka 1909 njia ilitandazwa kokoto zilizomwagiwa lami. Agosti 19, siku ya kwanza ya mbio za magari, uso huo ulianza kumeguka chini ya magurudumu. Mashimo yakafunguka, kokoto zikaruka na kuwapiga madereva usoni. Siku hiyohiyo William Bourque, aliyekuwa akiendesha gari la Knox, alitoka njiani na kupinduka. Alikufa yeye na fundi wake, Harry Holcomb. Siku mbili baadaye tairi la gari la Charlie Merz lilipasuka, gari likaruka hadi kwenye watazamaji. Merz alitoka hai. Fundi wake, Claude Kellum, alikufa pamoja na watazamaji wawili. Mbio za siku hiyo zilipangwa ziwe za maili 300; zilisimamishwa kabla hazijafika mwisho.

Kwa hesabu hiyo, uwanja ulikuwa umefanya mbio za magari kwa siku tatu na kuzika watu watano. Katika wale watatu waliokuwa ndani ya magari, dereva alikuwa mmoja tu.

Fisher na wenzake walikuwa na njia mbili: kufunga au kutandaza upya. Walichagua matofali. Kwa siku 63 za vuli ya mwaka huohuo vibarua walipanga matofali milioni 3.2, kila moja likiwa na uzito wa zaidi ya kilo 4, mengi yakitoka kiwanda cha Wabash cha huko Veedersburg, jimbo hilohilo la Indiana. Hapo ndipo uwanja ulipopata jina la utani la Brickyard. Lami ilianza kurudi taratibu mwaka 1936, ikala kona kwanza, kisha pande, na tangu 1961 kilichobaki wazi ni ukanda mmoja tu wa upana wa yadi moja kwenye mstari wa kuanzia na kumalizia. Wageni wa makumbusho wanaolipia ziara ya uwanja hupelekwa hapo, na wengi hupiga magoti na kuyabusu matofali. Desturi hiyo si ya kale kama wanavyodhani. Ilianza Agosti 1996, Dale Jarrett aliposhinda mbio za NASCAR za maili 400 uwanjani hapo, akaenda na mkuu wake wa mafundi, Todd Parrott, wakainama pamoja. Nafurahi kwamba kwa mara moja fundi alikuwamo kwenye picha.

Mbio za kwanza za maili 500 zilifanyika Mei 30, 1911. Magari 40 yalipangwa, na karibu yote yalikuwa na watu wawili. Moja halikuwa na kiti cha pili: Marmon Wasp, gari la manjano lenye namba 32 na mkia mrefu uliochongoka kama wa nyigu. Dereva wake, Ray Harroun, alikuwa mhandisi wa kampuni ya Marmon, na alikuwa ameshaacha mashindano kabla ya kushawishiwa kurudi. Alitaka gari jembamba na jepesi, kwa hiyo akamwondoa fundi. Wapinzani wakalalamika kwamba mtu asiye na wa kumwangalizia nyuma ni hatari kwa wote. Harroun akawajibu kwa kufunga kioo kidogo juu ya vyuma vinne mbele yake. Alisema wazo hilo alilipata Chicago, alipoona kioo kwenye gari la farasi.

Wasp limo ndani ya makumbusho, na kioo kimo juu yake. Ni kitu cha kawaida sana kwa macho ya leo. Hata bodaboda wana viwili. Ila kukitazama pale na kujua kimechukua nafasi ya mtu ni jambo jingine. Na Harroun mwenyewe alikuja kukiri, miaka mingi baadaye, kwamba juu ya matofali yale kioo kilitetemeka kiasi kwamba hakuona kitu. Waliolalamika walikuwa na haki, basi.

Alishinda kwa akili zaidi ya kasi. Alikuwa amepiga hesabu kwamba matairi ya wakati ule yangedumu muda mrefu zaidi akishikilia maili 75 kwa saa, na kwamba kuongeza maili tano tu kungeyamaliza upesi. Akatulia hapo. Alimaliza kwa saa 6, dakika 42 na sekunde 8, kwa wastani wa maili 74.6, huku Cyrus Patschke akimpokea usukani kwa sehemu ya mbio hizo. Kisha akastaafu kabisa. Jina la Patschke hulisikii, isipokuwa kwa wale wanaopenda mambo haya kupita kiasi.

Kuna mwingine wa siku ile. Mbio zikiwa bado changa, gari la Arthur Greiner lilipoteza mwelekeo. Greiner alirushwa nje na kuumia, akapona. Fundi wake, Sam Dickson, alirushwa pia, akafa. Ndiye mtu wa kwanza kufa katika mbio za Indianapolis 500.

Ungetarajia kwamba baada ya ushindi wa Harroun kiti cha pili kingefutwa. Kinyume chake, kuanzia 1912 kanuni zilimlazimisha kila dereva kubeba fundi. Mbio za mwaka huohuo zikatoa tukio ambalo bado linasimuliwa pale kuliko ushindi mwingi. Ralph DePalma, na Mercedes yake, aliongoza mizunguko 196 kati ya 200. Akiwa amebakiza mizunguko michache injini ikavunjika, gari likaanza kukokota, mwishowe likafa. DePalma na fundi wake Mwaustralia, Rupert Jeffkins, walishuka wakalisukuma kwa mabega kuelekea mstari, huku Joe Dawson akiwapita na kwenda kushinda. Dawson aliongoza mizunguko miwili tu siku ile, ile ya mwisho. Picha ya watu wawili wakisukuma chuma kilichokufa ndiyo iliyobaki. Mwaka huohuo Ralph Mulford aliambiwa kwamba akitaka zawadi ya nafasi ya kumi lazima amalize mizunguko yote 200. Akaimaliza, akisimama njiani kula, na akatumia karibu saa tisa. Washindi walikuwa wameondoka zamani.

Miaka iliyofuata nitaipita haraka, maana ndani ya makumbusho pia inapita haraka: Wafaransa wakashinda na Peugeot mwaka 1913 na Delage mwaka 1914, vita vikasimamisha mbio mwaka 1917 na 1918, na ziliporudi mwaka 1919 dereva Louis LeCocq na fundi wake Robert Bandini waliteketea kwa moto pamoja. Mwaka 1923 kanuni zililegezwa, ukaja wakati wa magari ya Harry Miller, membamba na yaliyotengenezwa kwa ustadi kama saa ya mkononi, yenye kiti kimoja. Nikiulizwa gari zuri kuliko yote humo ndani, nitakuonyesha Miller na sitabishana. Lakini yalikuwa ghali mno, na mwaka 1930 waandaaji, wakitaka magari yanayofanana zaidi na yale ya barabarani, walirudisha watu wawili kwa lazima.

Gharama ikaonekana upesi. Mwaka 1933 pekee uwanja uliua watu watano: Bill Denver na fundi wake Bob Hurst kwenye majaribio, kisha katika mbio zenyewe Mark Billman, na Lester Spangler pamoja na fundi wake, Monk Jordan.

Wakati huo, maili chache kutoka hapo, alikuwapo fundi mwingine ambaye hata kiti cha pili hakuruhusiwa kukikalia. Charlie Wiggins alizaliwa Evansville mwaka 1897. Alianza kwa kung'arisha viatu mbele ya gereji, mwenye gereji akaona jinsi anavyosikiliza injini, akamchukua na kumfundisha. Mwaka 1922 alihamia Indianapolis na mkewe Roberta, akafungua gereji yake, na kwa vipande vya kuokota kwenye vyuma chakavu akaunda gari la mbio aliloliita Wiggins Special. Chama cha AAA, kilichosimamia mbio za maili 500, hakikukubali madereva weusi. Indiana ya miaka hiyo ilikuwa ngome ya Ku Klux Klan, na hilo halikuwa siri ya mtu.

Basi Wamarekani weusi wa jiji wakaanzisha mashindano yao. Agosti 2, 1924, kwenye njia ya vumbi ya maili moja katika uwanja wa maonyesho wa jimbo, zilifanyika mbio za kwanza za maili 100 zilizoitwa Gold and Glory. Malcolm Hannon alishinda. Wiggins alikuja kuzishinda mara nne: 1926, 1931, 1932 na 1933. Inasimuliwa kwamba mwaka 1934, Bill Cummings alipoliandaa gari lake kwa ajili ya mbio za maili 500, alimwingiza Wiggins uwanjani kwa kumwandikisha kama mfagiaji: mchana alishika ufagio, usiku alishika spana. Cummings alishinda mwaka ule. Miaka miwili baadaye, mwanzoni mwa mbio za Gold and Glory za 1936, vumbi lilifunika njia, magari yakarundikana, na Wiggins akapoteza mguu. Mashindano hayo hayakufanyika tena. Yeye alijichongea mguu wa mbao na kuendelea na ufundi wake, akiwafundisha vijana na kupigania haki ya watu weusi kushiriki katika mbio, mpaka alipofariki mwaka 1979.

Dereva mweusi wa kwanza kuingia katika mbio za maili 500 ni Willy T. Ribbs, Mei 1991, akifuzu kwa zaidi ya maili 217 kwa saa. Siku ya mbio injini yake ilikufa baada ya mizunguko mitano tu. Alirudi mwaka 1993 na kumaliza wa 21.

Kiti cha pili chenyewe kiliondoka kimyakimya. Mwaka 1937 Wilbur Shaw alishinda akiwa na fundi aitwaye Jigger Johnson. Mizunguko ya mwisho mafuta ya injini yalikuwa yakivuja, Shaw akalazimika kupunguza kasi, na Ralph Hepburn akamfukuza hadi mstarini. Tofauti yao ilikuwa sekunde 2.16. Johnson alikuwa amewahi kushinda pia mwaka 1931, akiwa ubavuni mwa Louis Schneider. Mwaka 1938 kanuni zikaacha kulazimisha watu wawili, na waundaji, ambao kamwe hawakupenda kubeba uzito wa ziada, hawakuhitaji kuambiwa mara mbili.

Shaw ndiye aliyeokoa uwanja. Mwishoni mwa 1944 alikwenda pale kujaribu matairi ya Firestone, akakuta magugu yameota kati ya matofali na majukwaa ya mbao yakioza. Vita vilikuwa vimefunga kila kitu. Akatafuta mnunuzi mpaka akampata Tony Hulman, mfanyabiashara wa Terre Haute, aliyeununua Novemba 1945 kwa dola 750,000. Bila hao wawili pangekuwa na nyumba za kupanga hapo leo. Hulman ndiye aliyeanza pia kukusanya magari, na mkusanyiko ukakua kupita mipaka ya mbio za Indianapolis. Februari 2025 makumbusho yaliuza baadhi ya hayo ya pembeni ili kujikita kwenye historia ya uwanja wake. Mercedes W196 yenye bodi iliyofunikwa, waliyopewa na kiwanda chenyewe mwaka 1965, iliondoka kwa zaidi ya euro milioni 51. Ferrari 250 LM iliyoshinda Le Mans mwaka 1965 ilipata karibu milioni 35. Wako waliolia. Mimi naona walifanya sawa. Gari la Le Mans lina kwao.

Kisichouzwa ni kombe la Borg-Warner. Ni la fedha tupu, lina urefu wa zaidi ya mita moja na nusu, na liligharimu dola 10,000 lilipotengenezwa kwa ajili ya mbio za 1936. Mshindi halichukui, hupewa nakala ndogo, na kombe hurudi makumbusho. Mwilini mwake kuna sura za washindi wote tangu Harroun, kila moja ikiwa ya ukubwa wa yai hivi, pamoja na jina, mwaka na kasi. Tangu 1990 sura hizo huchongwa na William Behrends: mshindi hukaa mbele yake, anamfinyanga kwa udongo kwa ukubwa wa kichwa halisi, kisha anaishusha sura hiyo hadi kipimo cha kombe. Nafasi zilipoanza kwisha kitako kiliongezwa, halafu kikaongezwa tena. Shaw yupo mara tatu. Schneider yupo. Hulman, ambaye hakushindana, aliongezwa kwa dhahabu. Jigger Johnson, aliyeshinda mara mbili akiwa ndani ya gari, hayupo.